Jina Kando ya Alama

Kaunti niliyozaliwa haipo tena. Haikumezwa na ardhi. Milima ya Slieve Bloom iko palepale na mvua yake ni ileile. Wakubwa wa Ayalandi walipopata serikali yao Dublin walilifuta jina, basi. Sisi tulikuwa Kaunti ya Malkia, siku hizi tunaitwa Laois. Malkia mwenyewe alikufa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, wala simlilii. Ila juzi karani wa posta, kitoto cha jana, amenirudishia barua yangu akiniambia, "Bibi Sabina, hiyo kaunti yako imeshakufa." Nikamwuliza, na mimi je, nimekufa? Akacheka, akaipokea.

Watu wakizungumza habari za wabunge wa kaunti ile huzungumza habari za mabwana. Nani alikwenda London, nani alirithi kiti kutoka kwa baba yake kama mtu anavyorithi saa ya ukutani. Tulikuwa na wabunge wawili kwa kaunti nzima. Baadaye wakatupasua vipande viwili kama mkate, kila kipande na mbunge wake. Baadaye tena wakatuunganisha, wakatupa mmoja. Yote hayo nimeyaona kwa macho yangu. Lakini mimi nikisikia neno kura simwoni bwana yeyote. Namwona mume wangu, Fintan Dowling, amesimama mbele ya ubao wangu wa mkate, mikono imejaa unga hadi kwenye viwiko.

Fintan alikuwa na kura lakini hakujua kusoma. Mimi nilijua kusoma, tena vizuri, lakini mwanamke hakuwa na kura. Kwa hiyo katika nyumba yetu tulikuwa na mpiga kura mmoja kamili, ila alikuwa amegawanywa watu wawili.

Zamani kura ilipigwa kwa mdomo. Bwana Cheevers, msimamizi wa ardhi yote tuliyopanga, alipanda farasi akatangulia, na wapangaji wakamfuata nyuma kwa miguu hadi mjini Maryborough. Mahakamani uliitwa mbele ya meza, ukaulizwa unamtaka nani, ukataja jina kwa sauti. Cheevers alikaa pale pale akisikiliza. Ukitaja jina lisilompendeza, ungekuwa umejiondoa shambani kwa ulimi wako mwenyewe, maana shamba letu lilikuwa la mwaka kwa mwaka na notisi moja ilitosha kututoa.

Nakumbuka siku moja Fintan alirudi kutoka huko na kiini cha yai kimemkaukia kwenye nywele. Watu wa mjini waliwarushia mayai mabovu na mashina ya kabichi, wakiwaita kondoo wa Cheevers. Alikaa kwenye kigoda, nami nikachemsha maji nikamwosha kichwa. Nilikuwa na hasira na dunia nzima, isipokuwa na kile kichwa kilichokuwa mikononi mwangu.

Akiwa bado amefumba macho kwa sababu ya sabuni akaniuliza, "Sabina, ingekuwa wewe ungemtaja nani?"

Nikamwambia. Nikamwambia na sababu zangu, na sababu za sababu, maana gazeti la wiki ile nilikuwa nimelisoma mpaka matangazo ya dawa za kikohozi.

"Basi kura ni yako," akasema. "Mimi nimekuazima mdomo tu."

Nilidhani anatania. Fintan alikuwa mtu wa utani wa chini chini, huwezi kujua.

Miaka ikapita. Ikaja sheria ya kura ya siri: karatasi, penseli, kijumba cha mbao, na hakuna wa kukuchungulia. Haikupita muda mrefu mmoja wa wabunge wetu wawili akafariki, kiti kikawa wazi. Waliojitokeza walikuwa wawili. Kapteni Thorley alikuwa mpwa wa mwenye ardhi wetu, kijana wa masharubu ambaye hakuweza kutofautisha shayiri na ngano. Mwingine alikuwa Daktari Delahunt, aliyesema hadharani kwamba mpangaji anayelipa kodi yake asifukuzwe. Kwetu sisi, neno hilo lilikuwa kama maji kwa mwenye kiu.

Lar Bergin akaja kutuona. Lar alikuwa mhunzi wetu, na rafiki ya Fintan tangu wakiwa watoto wasio na viatu. Karakana yake haikuwa kwenye ardhi ya mwenye ardhi wetu, kwa hiyo alikuwa huru kidogo kuliko sisi, akawa wakala wa Delahunt.

"Fintan, usijisumbue na kusoma," akasema. "Majina hupangwa kwa herufi. Delahunt atakuwa juu, Thorley chini. Weka alama juu, urudi nyumbani unywe chai."

Fintan akamwangalia. "Lar, maisha yangu yote naonyeshwa pa kuweka alama. Kila nikilipa kodi, 'Hapa, Dowling.' Nikichukua mbegu, 'Hapa, Dowling.' Safari hii nataka kujua hapo hapo ni wapi."

Lar alipoondoka nikamwambia mume wangu kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na yeye alikuwa ameshakauka zamani.

"Mimi si samaki, mke wangu. Mimi ni ng'ombe. Nifunge kamba tu, univute."

Tukaanza majira ya baridi. Karatasi sikuwa nazo za kuchezea, na sikutaka mtu wa Cheevers aingie akute maandishi. Nilipotandaza unga kwenye ubao kwa ajili ya mkate, nilichora herufi kwa kidole. Yeye akachora ya kwake pembeni. Mtu akipita nje, nilimwaga mtindi juu, nikaanza kukanda. Somo letu tulilila kila siku, na siagi juu yake likipatikana.

"Tuanze na Delahunt," nilisema.

"Tuanze na wewe."

"Jina langu litakusaidia nini? Halitakuwa kwenye karatasi."

"Ninakujua wewe. Nikijua herufi zako, hao wengine watafuata."

Herufi ya kwanza ya jina langu ilimtesa kweli kweli. Iliangukia kushoto, iliangukia kulia. "Mtakatifu Patrick alifukuza nyoka wote Ayalandi," alinilalamikia, "na wewe unarudisha mmoja jikoni." Kidole chake kilikuwa kinene, cha jembe, na kilitetemeka juu ya unga kuliko kilivyowahi kutetemeka mbele ya fahali. Nilimshika mkono tukachora pamoja. Tulikuwa tumeoana miaka mingi, hatukujaliwa mtoto, na nilidhani nimeshakijua kila kitu cha mwili wake. Lakini sikuwahi kuwa mwalimu wa mkono ule. Nasema wazi, nilimpenda upya.

Alipolijua jina langu akaanza kulitafuta. Alilitafuta kwenye makasha ya chai, kwenye gazeti, kwenye mawe ya makaburi baada ya Misa. Alirudi amenuna.

"Hupo," akasema.

"Sipo wapi?"

"Popote. Herufi zako zimetawanyika kila mahali, lakini hakuna mahali wamekuandika mzima."

"Nani aniandike, na kwa lipi?"

Viazi vilipokaribia kupandwa alikuwa anaweza kulitambua jina la Delahunt hata ningelichora upesi upesi, na Thorley vilevile. Lakini la kuandika mwenyewe bila msaada lilikuwa moja tu, na unalijua.

Jumapili moja kabla ya uchaguzi, tulipotoka kanisani, tulimkuta Cheevers njia panda juu ya farasi wake. Hakuwa mtu wa kelele. Alizungumza kama anayekuuliza hali ya mama yako.

"Wapangaji wangu," akasema, "sheria hii mpya ina huruma. Asiyejua kusoma humwambia ofisa, na ofisa humwekea alama mbele ya mawakala, kwa jina atakalolitaja. Mimi nitakuwa pale kama wakala wa Kapteni. Naamini hakuna hata mmoja wenu anayejua kusoma."

Watu wakatazama viatu vyao. Ned Tynan alikuwa pale, jirani yetu, ambaye kila Jumatano aliwasomea watu gazeti kwenye karakana ya Lar hadi koo linakauka. Ned akasema, "Ajabu, bwana. Jumatano nilikuwa nasoma, na leo naona herufi zimenikimbia zote."

"Ni ugonjwa, Tynan," akasema Cheevers. "Ukipona kabla ya uchaguzi utanijulisha, ili nilitafutie shamba lako mtu mgonjwa."

Watu wakacheka kile kicheko cha kuogopa. Fintan hakucheka.

Nyumbani nilikuwa wa kwanza kusema. "Sema hujui. Wengine watadanganya, kwako wewe si uongo sana. Mwaka jana ungesema hivyo ingekuwa kweli tupu."

"Na unga wote ule?"

"Tumeshaula. Mwenye nguvu mpishe, Fintan. Ukitutoa hapa twende wapi? Mimi nikalale kwenye mtaro na hekima yangu ya magazeti?"

Kisha akachukua kiganja cha unga kwenye gunia, akakitandaza mezani pale pale tulipolia chakula, akaandika jina langu bila msaada. Nyoka hakuanguka. Akaliangalia kidogo, akalifuta kwa mkono wa shati.

"Tutaona," akasema.

Kura zilipigiwa katika shule ya parokia, ile ile niliyosomea. Mimi niliyejifunza herufi zangu chini ya paa lile sikuruhusiwa kupita mlangoni, na wanaume waliokuwa wakitoroka masomo wakaenda kuiba tofaa waliingia wametuna vifua. Nilikwenda na kikapu cha mayai kama muuzaji, nikajibanza chini ya dirisha lililokuwa na kioo kilichopasuka. Hapo niliweza kusikia kila kitu.

Ofisa wa uchaguzi alikuwa kijana mgeni, mwenye mafua. Kila mpangaji alipoingia alimwuliza, naye akajibu, "Sijui kusoma, bwana." Ofisa akapenga pua, akamwuliza anamtaka nani. "Kapteni Thorley." Mwingine. "Sijui kusoma, bwana." Mwingine tena. Nilisikia kalamu ya Cheevers ikikwaruza. Lar alikuwa mle ndani kwa upande wa Delahunt, na nilimsikia akiguna kama mtu anayetolewa jino.

Ndipo nikasikia viatu vya Fintan. Ningevijua katika jeshi zima.

"Fintan Dowling," akasema karani.

"Wewe unajua kusoma?" akauliza ofisa.

Nilikikumbatia kikapu changu. Nilisali aseme hapana. Sikusali kwa nchi wala kwa Delahunt. Nilisali kwa ajili ya paa langu na kigoda chake kando ya moto.

"Najua," akasema Fintan.

Kalamu ya Cheevers ikaacha kukwaruza.

"Dowling," akasema Cheevers, taratibu, "umeniwekea alama kwenye stakabadhi tangu siku alipozikwa baba yako. Karani wangu ndiye anayekuandikia jina. Bwana ofisa, mtu huyu hajui hata herufi moja."

"Nilikuwa sijui, bwana. Sasa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu majira ya baridi. Nina mwalimu mkali."

Ofisa akapenga pua tena. "Sheria hainitaki nimpe mtihani," akasema, na sauti yake ilikuwa na uchovu wa mtu aliyesikia uongo tangu asubuhi. "Akisema anajua, anajua. Mpe karatasi."

Alikaa ndani ya kile kijumba muda mrefu mno. Watu wakaanza kukohoa. Ned Tynan, aliyekuwa nyuma yake, akasema, "Ameanza kitabu cha pili huyo." Hatimaye nikasikia karatasi ikidondoka kwenye sanduku. Kisha ofisa akamwuliza Ned kama anajua kusoma, na Ned akasema, "Bwana, herufi zimenirudia zote sasa hivi, tena zinapiga kelele." Baada ya Ned, wengine wachache wakasema vilevile. Si wote. Sitawadharau waliosema hapana, maana mimi mwenyewe chini ya dirisha nilikuwa nimesema hapana kwa moyo wangu wote.

Tulitembea kurudi nyumbani. Mkono wake ulikuwa wa baridi, nikautia ndani ya shali yangu.

Cheevers alikuja siku chache baadaye. "Ulimpa nani kura, Dowling?" Fintan akamjibu, "Bwana, wanasema ni siri." Kutufukuza ilikuwa vigumu, maana ingebidi amfukuze na Ned na wale wengine, na mwenye ardhi hakutaka mashamba matupu wala magazeti. Lakini hakuondoka mikono mitupu. Alitunyang'anya haki ya kukata mboji, ule udongo mweusi tunaoukausha na kuuchoma kama kuni, kwenye kinamasi kilichokuwa nyuma ya nyumba, na kwetu bila mboji hakuna moto. Tangu hapo Fintan alikwenda kuichukua ng'ambo ya kilima, kwa ndugu zangu, akibeba kikapu mgongoni. Alirudi ameinama, amelowa, anatabasamu.

"Mzigo wa kura huu," alisema akiutua. "Mzito kidogo, lakini unawaka vizuri."

Delahunt alishinda, tena kwa kura nyingi. Fintan alitembea parokia nzima kama kwamba yeye mwenyewe ndiye anayepanda meli kwenda London. Nilimwona anasimama wima kwenye mlango wa kanisa, yeye ambaye tangu siku ya yai alikuwa akipita kwa ubavu.

Kisha siku moja, Fintan akiwa shambani, Lar Bergin akaja. Hakutaka kuketi. Alizungusha kofia yake mikononi kama anayetafuta mwanzo wake.

"Shemeji," akasema, "unajua nilikuwepo Maryborough kwenye kuhesabu. Na unajua tuliapishwa tusiseme tulichokiona."

"Basi usiseme."

"Sisemi. Nauliza tu. Katika parokia hii, unawajua akina Sabina wangapi?"

"Mmoja," nikasema. "Kwa nini?"

"Nauliza tu," akarudia, na macho yake yalikuwa mekundu. "Halafu swali jingine. Kama karatasi ina alama nzuri, imewekwa penye Delahunt hasa, na kando ya alama mtu ameandika jina kwa herufi kubwa kama za mtoto, unajua sheria inasemaje?"

Nilijua. Niliisoma kwenye gazeti, neno kwa neno. Karatasi yenye maandishi yanayoweza kumtambulisha mpiga kura haihesabiwi. Nilikuwa nimemfundisha Fintan kila kitu, lakini sikuwahi kufikiri kwamba kuna haja ya kumwambia asiandike, mtu ambaye maishani hajawahi kuandika.

"Mwanasheria wa Kapteni alicheka," akasema Lar kwa sauti ya chini. "Akasema kuna mkulima amempigia kura ng'ombe wake. Ofisa akaitupa kwenye zilizoharibika. Sijasema kitu, shemeji. Nimeuliza tu." Akavaa kofia akaenda zake.

Nilibaki nimesimama. Kwanza ilikuja hasira, nayo ilikuja na mizigo yake yote. Unga wa majira ya baridi nzima! Hofu ya chini ya dirisha! Mboji yetu, mgongo wake unaoinama juu ya kilima kwa mvua, na yote kwa ajili ya karatasi iliyotupwa pembeni watu wakacheka! Nilitoka kwenda shambani nikiwa nimeyapanga maneno kama mawe ya kurusha.

Alikuwa akipanda viazi. Aliponiona akachomeka jembe, akajifuta jasho.

"Fintan, siku ile kwenye kijumba, ulifanya nini?"

"Niliweka alama."

"Alama tu?"

"Alama na jina. Unanionaje, mjinga?" Akaniangalia kwa kiburi kidogo, kiburi ambacho sikuwahi kukiona kwake. "Miaka yote nikiweka alama, karani wa Cheevers huandika kando yake, Fintan Dowling, alama yake. Huo ndio utaratibu. Alama isiyo na jina kando ni ya nani? Mtu yeyote anaweza kuja akasema ni yake."

"Sasa mbona hukuandika lako?"

"Langu sijui kuliandika. Na hata ningejua." Akatazama mikono yake. "Kura si yako? Wewe ndiye uliyemchagua Delahunt, wewe ndiye uliyejua sababu. Mimi nimebeba tu. Nilikutafuta kila mahali, Sabina, kwenye magazeti, kwenye makaburi, hukuandikwa popote. Nikasema leo ataandikwa. Tena kwenye karatasi ya serikali, wala hawawezi kulifuta."

Yale mawe yote yakaniponyoka. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini si lazima umwonyeshe mtu dimbwi. Mimi ndiye niliyeishi naye. Nilijua kwamba ningesema neno moja tu, yule mtu aliyesimama wima mlangoni mwa kanisa angerudi kupita kwa ubavu hadi kaburini.

"Nyoka je?" nikamwuliza. "Alikaa sawa?"

Uso wake ukafunguka. "Alikaa sawasawa. Ungemwona!"

Nikamkumbatia pale pale katikati ya matuta, mchana kweupe, hata Ned Tynan akapiga mluzi kutoka shamba la pili akatuuliza kama sisi hatuna nyumba. Jioni ile nilichukua kikapu cha pili, nikavuka kilima pamoja naye kwenda kuchukua mboji. Nilikwenda naye kila siku tangu hapo, mpaka kinamasi chetu kiliporudishwa. Alidhani namhurumia mgongo. Nilikuwa nashukuru, nami sikuwa na njia nyingine ya kusema.

Sikumwambia kamwe; uchaguzi uliofuata nilimwambia tu kwamba sheria sasa inataka alama peke yake. Lar naye hakumwambia. Fintan alikufa mzee, kitandani mwake, katika shamba ambalo kufikia wakati huo lilikuwa limekuwa mali yetu wenyewe. Alijifunza baadaye kuandika jina lake, lakini kila alipojaribu kalamu mpya, au kijiti kwenye tope, liliandikwa langu.

Halafu, baada ya vita vikubwa, ndipo wakatukumbuka wanawake. Mimi nilikuwa ajuza tayari, lakini nyumba na shamba vilikuwa kwa jina langu, kwa hiyo jina langu liliingia kwenye orodha ya wapiga kura. Desemba, baridi ya kukata masikio, binti ya Lar Bergin akanipakia kwenye mkokoteni wa punda akanipeleka shuleni. Safari hii nilipita mlangoni. Ofisa alikuwa kijana mwingine, na mafua yake mengine.

"Bibi, unajua kusoma?"

"Kabla baba yako hajazaliwa," nikamwambia. "Nimefundisha pia."

Nikaingia kwenye kijumba nikaitandaza karatasi. Niliweka alama yangu pale nilipotaka, nami sitakwambia ni wapi, maana ni siri, na siri ile ilitugharimu. Kando ya alama palikuwa na nafasi nyeupe, safi, kama unga uliotandazwa. Penseli ilikuwa bado mkononi. Nakuapia, kidole changu kilishaanza kuchora herufi ya kwanza ya jina lake hewani. Nilikaa mle muda mrefu, watu wakaanza kukohoa, kama walivyomkoholea yeye.

Nilitaka sana. Lakini kura yetu ya kwanza ya karatasi ilikuwa imetupwa. Hii nilitaka ihesabiwe.

Basi nikaikunja karatasi na alama yake peke yake. Nikaenda mbele ya sanduku, nikaidondosha. Kisha, mbele ya ofisa na mawakala wote, nikafungua mdomo nikalitaja jina kwa sauti, kama watu walivyopiga kura zamani.

"Fintan Dowling."

Ofisa akainua kichwa, akatazama orodha yake. "Umesemaje, bibi? Huyo hagombei."

"Najua, mwanangu," nikamwambia. "Alama ile ni yake."